Mtoto hasemi, tunasingizia lugha mbili: Tathmini ya usonji Uingereza na nafasi ya Kiswahili

Kila mzazi aliyeko ughaibuni anazijua simu za nyumbani. Mama akilalamika kwamba mwanawe ametimiza miaka miwili na nusu na bado hajaunganisha maneno mawili, jibu linalotoka Tanga, Mombasa au Bukavu ni lile lile: usijali, huyo anasikia Kiswahili ndani na Kizungu nje, amechanganyikiwa tu, hata baba yake alichelewa. Jibu hilo linatolewa kwa mapenzi. Na kwa baadhi ya watoto huja likawa kweli, maana siku moja mtoto hufungua mdomo na nyumba haipati tena nafasi ya kupumzika. Lakini kwa watoto wengine jibu hilo linakula mwaka mzima, na katika Uingereza ya leo mwaka mmoja wa kungoja nje ya foleni ni mwaka uliopotea bure.

Foleni yenyewe si ndogo. Kwa mujibu wa takwimu za huduma ya afya ya taifa, NHS, hadi mwezi Machi 2025 watu zaidi ya 220,000 katika England walikuwa wamepelekwa kuchunguzwa usonji na kesi zao zilikuwa bado wazi. Karibu tisa katika kila kumi walikuwa wamekwisha kungoja zaidi ya wiki 13. Muda huo wa wiki 13 haukutajwa ovyo. Mwongozo wa taasisi ya NICE, ambayo huwapangia madaktari wa huko utaratibu wa kazi, unataka tathmini iwe imeanza ndani ya miezi mitatu tangu mtu apelekwe. Kati ya mwongozo na hali halisi kuna umbali mkubwa, na wazazi wengi huujua umbali huo baada ya kujaza fomu.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama mtoto ana usonji au hana. Hilo mzazi hawezi kulijibu, wala shangazi kwenye simu hawezi. Swali ni kama jina la mtoto limeingia kwenye foleni.

Usonji, ambao wengine huuita otizimu, si wazimu na hauambukizi. Ni namna tofauti ya ubongo kukua, na hujionyesha katika mambo mawili makubwa: jinsi mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na jinsi anavyong'ang'ania mambo fulani, utaratibu fulani, au anavyosumbuliwa na sauti, mwanga, harufu na hata lebo ya shati shingoni. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha wala picha ya kichwa. Tathmini ni kazi ya kutazama, kuuliza na kusikiliza. Ndiyo maana lugha inayotumika katika kazi hiyo ni jambo zito.

Tuanze na hilo la lugha mbili. Watafiti Hambly na Fombonne walichapisha mwaka 2012, kutoka Canada, utafiti juu ya watoto 75 wenye usonji, baadhi yao wakilelewa katika lugha moja na wengine katika mbili. Wale wa lugha mbili hawakuonekana kuchelewa zaidi ya wenzao. Lugha mbili hazileti usonji, na kumnyima mtoto Kiswahili hakuuondoi. Hata hivyo bado wapo wazazi wanaoambiwa, mara nyingine na walimu wenye nia njema, kwamba waache kusema lugha yao nyumbani. Mama ambaye Kiingereza chake ni cha kazini na dukani, akiacha Kiswahili, anabaki na mwanawe wakitazamana bila ya nyimbo, bila ya utani, bila ya bibi kwenye simu. Sijui ni tiba gani hiyo.

Tena kuna dalili ambazo lugha haiwezi kusingiziwa hata kidogo. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu akiona paka dirishani huwa anamwonyesha mama kwa kidole, kisha humgeukia kuhakikisha kwamba naye ameona. Huko kuonyesha hakuna Kiswahili wala Kiingereza. Kadhalika kugeuka anapoitwa, kupunga mkono, kumlisha mwanasesere chakula cha uongo, kumwiga baba anayenyoa ndevu. Mtoto asiyefanya mambo haya, au aliyekuwa akiyafanya kisha akaacha, anahitaji kuonwa, awe na lugha moja au tatu. Na maneno yakihesabiwa, yahesabiwe ya lugha zote mbili kwa pamoja. "Maji" ni neno kamili.

Njia ya kuingia kwenye foleni ni fupi kuliko watu wanavyodhani. Unamwambia daktari wako wa kawaida, yule GP, au muuguzi anayetembelea watoto majumbani, ambaye ndiye pia anayepaswa kumpitia mtoto anapokaribia miaka miwili na nusu. Akiwa shuleni, unazungumza na mwalimu anayesimamia wanafunzi wenye mahitaji maalumu, wanayemwita SENCO. Kujiandikisha kwa GP katika England ni bure na hakutegemei aina ya viza. Mara nyingi mtoto atapimwa kwanza masikio, na ni vizuri, kwani asiyesikia naye hageuki akiitwa. Kisha zamu ikifika, hukutana na timu: daktari wa watoto au wa akili, mwanasaikolojia, mtaalamu wa usemi.

Hapo ndipo penye mambo yetu.

Chombo kinachojulikana zaidi kinaitwa ADOS, kilichotungwa na Catherine Lord, Michael Rutter na wenzao, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 2012. Huchukua kiasi cha dakika 40 hadi saa moja. Kwa macho ya mzazi ni michezo tu: mapovu ya sabuni, vitu vya kuchezea, kitafunio kidogo. Mtathmini haangalii kama mtoto ni hodari wa kucheza. Anaangalia kama anaomba, anaonyesha, anashirikisha, anacheka na mtu au anacheka na povu peke yake. Kuna sehemu ambapo mwanasesere hufanyiwa sherehe ya kuzaliwa, kwa keki na mishumaa ya kuigiza, na mtoto hutazamiwa aingie katika mchezo.

Sasa chukua mtoto wa nyumba ya Kizanzibari isiyosherehekea siku za kuzaliwa. Hajapata kupuliza mshumaa maisha yake. Akiikodolea macho keki ya plastiki, je, ni kwamba hawezi kucheza mchezo wa kuigiza au ni kwamba mchezo huu haujui? Mtathmini mzuri atagundua, atambadilishia. Lakini atagunduaje kama mzazi amekaa pembeni kimya kwa adabu, akidhani kwamba mbele ya mtaalamu haipasi kusema? Inapasa. Sema kabla hawajaanza: sisi hatufanyi sherehe hizi, lakini nyumbani hupenda kuigiza kupika, au kuigiza kuswali pamoja na babu yake.

Jambo jingine ni jina. Moja ya majaribio ni kumwita mtoto akiwa ameshughulika na kuona kama atageuka. Watoto wetu wengi wamerithi majina ya wazee, na kwa heshima ya mzee nyumbani hawaitwi kwa majina hayo. Mtoto wa miaka mitatu anaitwa Babu, au Kaka, au Mama Mkubwa. Jina lililo kwenye pasipoti halisikii ila siku ya chanjo. Akiitwa kwa jina la pasipoti, tena kwa matamshi ya Kiingereza, asipogeuka si ajabu. Mwambie mtathmini jina analolijua mwenyewe.

Na macho. Sisi tumelelewa kwamba mtoto akisemeshwa na mkubwa huinamisha uso. Ni adabu, na wataalamu wengi wa London au Birmingham wameshalisikia. Lakini hapa niseme pia upande wa pili, kwa sababu tunapenda kujificha nyuma ya adabu. Mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mjomba, kisha akiwa na mama yake au ndugu zake humtazama, humkonyeza, hufuata macho yake. Kama hamtazami mtu yeyote, hata akiwa mapajani mwa mama, hiyo si adabu tena. Tofauti hiyo mzazi peke yake ndiye anayeweza kuieleza.

Mkalimani ni haki yako na NHS ndiyo inayolipa, si wewe. Usimpeleke mtoto mkubwa akutafsirie, wala jirani. Omba mkalimani mapema, wakati wa kupanga miadi, na utaje ni Kiswahili cha wapi, maana mama wa Goma na mkalimani wa Unguja wanaweza kupoteana njiani. Kisha umweleze mkalimani jambo moja ambalo ni muhimu kuliko yote: asinyooshe maneno ya mtoto.

Maana yake ni hii. Daktari Leo Kanner, alipoeleza watoto 11 wa kwanza katika makala yake ya mwaka 1943, aliona kwamba baadhi yao walijitaja kama mtu wa pili. Walirudia sentensi kama walivyoisikia. Katika Kiswahili alama hiyo imejificha ndani ya silabi moja mwanzoni mwa kitenzi. Mtoto anataka maji, na badala ya "nataka maji" anasema "unataka maji", kwa sauti ile ile ya mama anapomuuliza. Akiambiwa "hujambo" hajibu "sijambo", anarudisha "hujambo". Watoto wadogo wote hupita hapo kwa muda, lakini akiwa na miaka mitano na bado yuko pale pale, ni habari kubwa kwa mtathmini. Mkalimani mwema, kwa kutaka kusaidia, atamwambia daktari kwa Kiingereza safi kwamba mtoto anaomba maji. Kosa limesahihishwa, na dalili imefutwa pamoja nalo.

Maneno ya mzazi nayo huharibika vivyo hivyo. Tunapenda kusema mtoto ni "mpole". Kizungu kitalipokea kama sifa: mtoto mtulivu, hana tabu. Lakini mama alimaanisha kwamba mtoto hukaa saa nzima akipanga vifuniko vya chupa na hataki kuguswa. Tunasema "ana mambo yake", "ana kichwa chake". Tafsiri haibebi kitu hapo. Ni bora kueleza tendo: hufanya nini, mara ngapi kwa siku, anafanyaje ukimkatiza. Mahojiano ya mzazi, kama yale yaitwayo ADI-R, huenda zaidi ya saa moja na nusu na hurudi nyuma mpaka utotoni kabisa. Kwa hiyo beba kitabu chekundu cha mtoto, au kadi ya kliniki ikiwa alizaliwa nyumbani. Beba video za simu zinazoonyesha siku za kawaida, si zile za sikukuu. Kama ni bibi aliyemlea miaka miwili ya mwanzo, mpigie kabla na uandike anayoyakumbuka.

Katika kungoja, mambo mengi hayangoji. Shule haitakiwi kusubiri cheti cha daktari ndipo imsaidie mtoto. Mpango wa elimu, afya na matunzo, EHCP, uliowekwa na sheria ya mwaka 2014, hutolewa kwa kuangalia mahitaji, na mzazi mwenyewe anaweza kuiomba halmashauri imfanyie mtoto tathmini hiyo. Malipo ya ulemavu ya watoto, DLA, nayo huangalia mahitaji, si jina la hali. Ila hapa pana shimo. DLA ni katika fedha za umma, na mwenye viza iliyoandikwa kwamba hana haki ya fedha hizo akiomba anaweza kujiharibia uhamiaji wake. Apate kwanza ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji. Msaada wa shule na EHCP haumo katika katazo hilo.

Wapo pia wanaoogopa kwamba wakitaja tatizo la mtoto, ustawi wa jamii watakuja kumchukua. Hofu hiyo ina historia yake na siwezi kuicheka. Lakini tathmini ya usonji ni huduma ya afya, na mzazi aliyepeleka mtoto mwenyewe anaonekana kuwa mzazi anayejali.

Wengine huamua kumrudisha mtoto nyumbani "apate lugha moja", au akasomewe. Dua ni jambo la kila mtu na Mola wake. Tatizo ni barua. Miadi ya tathmini huja kwa barua au ujumbe wa simu, na familia isipotokea jina huweza kufutwa kwenye orodha, baada ya kungoja miaka miwili. Kama ni lazima msafiri, ijulisheni kliniki kwa maandishi. Kadhalika mkihamia mji mwingine, kwa kuwa orodha nyingi ni za eneo.

Imani za nyumbani zimeshachunguzwa. Mwaka 2015 Joseph Gona na wenzake, akiwemo Amina Abubakar, walichapisha utafiti wa pwani ya Kenya, ambapo wazazi na wataalamu waliulizwa usonji unatoka wapi. Walitaja mashetani, uchawi na laana, na papo hapo walitaja matatizo ya uzazi na maradhi. Wazazi hao hao walikwenda kwa mganga, kwa sheikh au mchungaji, na hospitalini. Aliyetoka huko hashangai, na hata London watu hufanya hivyo hivyo kimya kimya. Ulaya nayo ina uzushi wake: ule wa chanjo ya surua ulianzia London, katika makala ya mwaka 1998 iliyofutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu akafutwa katika orodha ya madaktari mwaka huo huo. Bado unasambazwa kwenye simu zetu.

Na kwamba ni ugonjwa wa Wazungu? Mtafiti Victor Lotter, aliyehesabu watoto wa Middlesex mwaka 1966 na kupata kama wanne au watano katika kila 10,000, alizuru baadaye vituo vya nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo Kenya, na taarifa yake ya mwaka 1978 ilisema aliwaona wachache. Lakini alitafuta vituoni, na watoto wetu wengi hawakuwa vituoni, walikuwa uani. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliotazama wanafunzi zaidi ya milioni 7 wa England. Ulikuta usonji kwa mmoja katika kila 57, na kwa wanafunzi weusi kiwango kilikuwa juu kidogo, asilimia 2.1.

Mpaka hapa tumesema watoto. Lakini mara nyingi ni katika chumba hicho cha mtoto ambapo mtu mzima hujisikia ameguswa. Baba anaulizwa: mtoto hukasirika ratiba ikibadilika? Hula vyakula vile vile? Huchoka akiwa na watu wengi? Anajibu, na ndani yake anajua kwamba anajieleza mwenyewe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha London, UCL, uliotoka mwaka 2023, ulikadiria kwamba katika England zaidi ya tisa kati ya kumi ya wenye usonji waliopita miaka 50 huenda hawajawahi kutambuliwa.

Kwa mhamiaji, ugeni wenyewe ni pazia. Asiyeelewa utani wa kazini, asiyejua lini azungumze mkutanoni, watu husema ni mgeni, hajazoea. Naye husema hivyo hivyo kwa miaka ishirini. Swali la kumsaidia ni hili: na kule nyumbani, miongoni mwa watu wa lugha yako, ilikuwaje? Kama hata kwenye baraza la Kiswahili alikuwa mtu wa kukaa mwisho wa mkeka akihesabu nakshi za mlango, basi si ugeni tu. Kwa waliotoka vitani, kama ndugu zetu wa Kivu, kuna ugumu zaidi, kwani kiwewe nacho humfanya mtu aogope kelele na ajitenge. Mtathmini anapaswa kuyajua yote mawili, na mtu anaweza kuwa nayo yote mawili.

Mtu mzima huanza kwa GP pia. Kwa kawaida hupewa maswali kumi yaitwayo AQ-10, na akipata alama sita au zaidi hupelekwa kwa timu. Katika England ana haki ya kuchagua mahali atakapopelekwa, ikiwemo baadhi ya kliniki binafsi zenye mkataba na NHS, na foleni zao mara nyingine ni fupi. Ataulizwa kama yupo mtu aliyemjua utotoni. Mama yuko Pemba, ana miaka 78, na hajui kwa nini daktari wa Uingereza anauliza kama mwanawe alicheza na wenzake mwaka 1980. Inawezekana kumpigia simu, mkalimani akiwa katikati. Ni vizuri mtoto mwenyewe azungumze naye siku kadhaa kabla, amweleze kwamba hapana anayemtafutia makosa katika malezi.

Faida yake ni nini kwa mtu wa miaka 45? Sheria ya usawa ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri arekebishe mambo yanayowezekana, kama zamu isiyobadilika kila wiki, maagizo kwa maandishi au sehemu yenye kelele ndogo. Kwa madereva, ambao ni wengi katika jamii zetu, usonji hauondoi leseni. Idara ya leseni, DVLA, inataka kuarifiwa pale tu hali hiyo inapoathiri uendeshaji. Na ripoti ikishatoka, omba nakala yako kamili uiweke pamoja na pasipoti. Mtoto akihama shule, au wewe ukihama kazi, wa kwanza kuulizwa karatasi hiyo utakuwa wewe.